Nafasi Moja Larch Road

Jumanne, 3 Septemba 1974

Leo mwanangu Mwatima kaanza skuli, na kapelekwa kwa basi. Si basi la kila mtu, la kulipa nauli. Basi la kaunsili hasa, la baraza la mji, limekuja mpaka pembeni mwa barabara yetu, likasimama kumchukua yeye na watoto wengine wachache, wa Kihindi na wa Kijamaika. Bibi mmoja mwangalizi akateremka, akamshika mkono, akampandisha. Mie nikabaki pale njiani nimejaa furaha tele. Kwetu Unguja binti wa kutumiwa gari alikuwa binti wa mtu mkubwa, sie wengine tulikwenda kwa miguu na mabuku yetu mkononi. Leo mtoto wangu mie, mtu niliyekuja Uingereza na sanduku moja baada ya mapinduzi, anatumiwa gari na serikali ya Malkia.

Nilipokwenda kumwandikisha mwezi wa saba, ofisa wa elimu, Mr Garside, aliniuliza asili yetu wapi, akaandika, kisha akaniambia skuli ya Larch Road, hii iliyo mwisho wa mtaa wetu, imejaa. Akasema nisijali, skuli nyingine, Oxley Green, ina nafasi na basi litamfuata karibu na mlango. Mtu mpole, ana sauti ya chini.

Na mie leo hii hii nimeanza kazi jikoni mwa Larch Road hiyo hiyo. Kumenya viazi, kupakua, kuosha masufuria. Mpishi mkuu ni Doreen, mzungu wa hapa hapa, mcheshi, kazaliwa mtaa wa pili. Mume wangu Jaffar karudi zamu ya usiku ghalani Hayes, nimemsimulia habari za basi, kasema mashallah kisha kalala na soksi zake.

Ijumaa, 6 Septemba

Jioni nilipita kwa shoga yangu Lila. Lila ni mtu wa Dar, Kiswahili chake cha Kariakoo. Mumewe Suresh ana duka la magazeti na sigara upande wa pili wa barabara kuu, na wenyewe wanakaa juu yake. Mwanawe Kishor ni rika moja na Mwatima, lakini yeye aliandikishwa mapema, yupo Larch Road, namwona kila siku kwenye foleni ya chakula. Nikamtania Lila, nikamwambia pole shoga, wako anakanyaga mvua, wangu anapandishwa basi. Nilidhani atacheka. Akaendelea kuchambua dengu zake, akaniuliza kama nataka chai.

Nimeona kijicho kidogo. Si kitu, ndio ubinaadamu.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua kutwa. Viazi, viazi, viazi.

Jumanne, 17 Septemba

Ramadhani imeingia. Kupakua pai za nyama na kastadi kwa skuli nzima na mwenyewe umefunga ni kazi ya kupewa nishani. Doreen haamini kwamba hata maji sinywi. Kila baada ya muda ananiambia atageuka upande wa pili asinione nikinywa.

Ijumaa, 20 Septemba

Jana nilikaanga visheti. Sahani moja nimempa dereva wa basi, ya pili leo nimeipeleka mwenyewe ofisi ya elimu kwa Mr Garside, nimeifunika kitambaa changu kizuri. Mtu akikutendea wema humwachi mikono mitupu. Nilimwambia kwa Kiingereza changu chote kwamba familia yetu inashukuru sana kwa basi. Akawa mwekundu mpaka masikio. Akasema hapana haja, kwa kweli hapana haja, akaiweka sahani pembeni ya meza bila kuitazama. Wazungu hawajui kupokea zawadi, haya inawazidi. Nimerudi nyumbani nacheka peke yangu.

Alhamisi, 26 Septemba

Lahaula. Lazima niandike, nisije kesho nikajiambia nilisikia vibaya.

Asubuhi nilitumwa kutafuta viti vya ziada. Nikafungua mlango wa darasa la mwisho, lile ambalo siku zote limefungwa. Ndani viti vidogo vimepandanishwa mpaka kwenye dirisha, meza zimesukumwa ukutani, ubao hauna hata alama ya chaki. Darasa zima halina mtu. Nikarudi jikoni nikamuuliza Doreen skuli iliyojaa inakuwaje na darasa tupu. Akanijibu huku anamenya, wala hakuinua macho, maana kwake ni habari ya kawaida tu.

Akanipa historia nzima. Zamani hapa palikuwa mashamba ya kabichi. Baada ya vita kaunsili ikajenga nyumba, ikajenga na skuli. Larch Road kwanza, halafu Oxley Green huko juu kwenye majumba ya wenye bustani, na katikati ile ndogo ya kanisa. Skuli tatu, ofisi moja, na kamati ya madiwani inayokaa kuamua mtoto gani aende wapi. Mambo yakaenda hivyo mpaka kazi za uwanja wa ndege zilipoongezeka na wageni wakaja kuzifanya. Ndipo wazazi wa Kizungu wakakutana, humu humu ukumbini tunamopakulia, Doreen mwenyewe alikuwepo, wakapiga kelele kwamba skuli yao inageuka kuwa ya wageni. Kamati ikakaa, ikapitisha kwamba skuli yoyote isipokee mtoto wa wageni zaidi ya mmoja kwa kila watoto watatu. Ikifika hapo, anayefuata anapandishwa basi apelekwe mbali. Nafasi iwepo, isiwepo.

Nikamuuliza kama na watoto wa Kizungu wanapandishwa, kuja huku chini kwetu.

"Hapana," akasema Doreen. "Wao hawapandi. Nilidhani unajua, Mardhiya."

Nilidhani unajua! Nilikaa juu ya gunia la viazi. Mwatima kazaliwa hospitali ya huku huku, Kiingereza chake kinanishinda mie mamake, hata Unguja hajaiona kwa macho, na yeye ndiye mgeni. Na mie nimewapelekea visheti! Nimewafunikia kitambaa! Yarabi, ndiyo maana yule mtu aliwiva vile. Hakuwa akiona haya ya zawadi.

Kule kwetu, Januari ile ya mapinduzi, watu wenye silaha walikuja mlangoni wakamuuliza baba asili yake nini. Akawajibu bila kusita, hakuwa mtu wa kuficha. Wakaondoka naye na hatukumwona tena. Nilidhani swali hilo tumeliacha kule. Kumbe nimeulizwa tena, mezani, na mtu mpole mwenye sauti ya chini, na mie nikajibu nikashukuru.

Ijumaa, 27 Septemba

Sina la kuandika. Nimepakua, nimeosha, nimerudi.

Jumapili, 29 Septemba

Jaffar anasema huenda wana nia njema, watoto wachanganyike wajue Kiingereza. Nikamwuliza, Mwatima aliyezaliwa huku akajue Kiingereza gani tena, cha ndege wa mitini? Jaffar akaenda kuwasha redio.

Nilikwenda kwa Lila. Nikamwuliza kama alikuwa anajua habari za basi. Akasema wanajua wote, barabara nzima. Nikamwuliza mbona hakunambia.

"Ulikuwa umefurahi," akasema.

Na mie nilimwita ana kijicho. Nimeona haya mpaka nimeacha kikombe cha chai hakijaisha.

Alhamisi, 10 Oktoba

Uchaguzi. Skuli imefungwa, watu wanapigia kura ukumbini. Nimekwenda na Jaffar, tumepewa karatasi kwa adabu kubwa, bwana mmoja kaniambia asante sana mama. Kura yangu wameipokea Larch Road bila taabu. Mtoto ndiye asiyepokelewa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimechoka lakini sitalala kabla sijaandika.

Baada ya chakula cha mchana, katibu wa skuli kaja jikoni kaniambia nimepigiwa simu kutoka Oxley Green. Mwatima anatapika, ana homa, niende kumchukua. Nikauliza kama basi haliwezi kumrudisha. Basi ni la jioni, kasema, halitoki kabla ya saa yake. Doreen kanivua eproni yeye mwenyewe kanambia nenda.

Mabasi mawili, na la pili nikalikosea, likanipeleka njia siyo. Mvua inanyesha, saumu imenishika, kichwa kinazunguka, na kila nyumba kule juu inafanana na mwenziwe. Nilitembea nalia barabarani hadharani, mtu mzima mie. Hakuna aliyeniuliza nina nini. Kutoka mlangoni kwangu mpaka Larch Road hata uji haupoi, na mwanangu yupo mgonjwa mahali nisipopajua njia.

Nilipofika, nikaingia jengo kubwa la matofali, zuri, maua madirishani. Nikaona darasa la watoto wadogo, wamekaa chini, wanaimba. Wazungu watupu. Nikatazama darasa la pili, vile vile. Mwalimu mmoja akaniona na ushungi wangu uliolowa, hakuniuliza hata jina la mtoto, akaninyooshea kidole nje, nyuma, ng'ambo ya uwanja.

Huko kuna banda la mbao. Ndani wamo watoto wa basi. Wote, wakubwa kwa wadogo, darasa moja, mwalimu mmoja. Kijilemba cha mtoto wa Kalasinga, visuko vya Kijamaika, na Mwatima wangu kalazwa juu ya makoti kwenye kona, ndoo pembeni yake. Jiko la mafuta linatoa moshi. Yule mwalimu ni binti mdogo, uso umemwiva kwa uchovu, akanishika mikono akaomba radhi kama kwamba homa kaileta yeye. Nikamwuliza watoto hawa wanakwenda lini kule kwenye jengo. Akasema wanakwenda kula, wakishamaliza wenzao.

Sijui kama niliwahi kushtuka vile tangu ile Januari. Maana nilikwisha kujitahidi kuamini maneno ya Jaffar, kwamba wanachanganywa. Wamewatoa watoto huku kwetu ili wasiwe wengi pamoja, wakawapeleka kule wakawafungia pamoja. Basi wanawachanganya na nani?

Tumerudi kwa teksi. Mwatima kanilalia mapajani njia nzima. Nikamwuliza mbona hakuwahi kunambia kuhusu banda. Akasema alidhani skuli zote ziko hivyo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Iddi. Homa imemtoka Mwatima. Kanzu mpya imemfaa. Lila kaleta sinia la barfi, vitamu vyao vya maziwa, na Kishor kamfundisha Mwatima mchezo wa karata, wamecheka mpaka wamelala juu ya zulia.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimekwenda kwa Mr Garside, safari hii bila sahani. Nilimwambia yote, banda, moshi, ndoo. Alisikiliza kwa heshima, akaandika. Akasema hakujua habari za banda. Namsadiki, na hilo ndilo linalonitisha zaidi, mtu anapanga watoto kila mwaka na hajawahi kupanda basi lake mwenyewe. Nikamwambia darasa tupu lipo Larch Road, mie ninalifagia. Akasema si suala la viti, Mrs Jaffar. Nikamwambia ni la nini basi. Akafunga kalamu.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma, desturi yao ya kila mwaka baridi ikikaribia. Giza linaingia kabla hujaanika nguo.

Jumatatu, 4 Novemba

Alhamdulillahi! Mwalimu mkuu wa Larch Road, Mrs Whitlow, kaniita ofisini leo, kanifungia mlango, kanambia Mwatima amepata nafasi. Aanze Jumatatu ijayo. Kasema kwa kuwa mie ni mfanyakazi wa skuli, na kwa kuwa nimeeleza vizuri, ofisi imeona itazame jambo langu kwa huruma. Kanisihi nisilitangaze. Nilimshika mkono nikataka kuubusu, akauchomoa.

Nimerudi mbio. Jaffar kaamka, nimemwambia, kakaa kitandani kajifuta macho. Sikujua kama lilikuwa likimuumiza, kutwa yuko kimya. Mwatima karuka mpaka jirani wa chini kagonga dari.

Sijamwambia Lila bado. Nimeambiwa nisitangaze.

Ijumaa, 8 Novemba

Ukungu. Nimenunua viatu vya Mwatima. Nimekutana na Lila kwa muuza mboga, kaniangalia sana, kanambia nimsalimie mtoto. Nikaona kama kachoka. Nikasema moyoni nitamwambia Jumatatu, atafurahi, watoto watakwenda pamoja.

Jumatatu, 11 Novemba

Mchana nilisimama nyuma ya sufuria nangoja foleni ya wadogo, nimevaa ushungi mpya. Mwatima akatokea na sinia lake. Akanikonyeza. Nilimpakulia viazi mpaka Doreen akacheka akasema wengine nao wana njaa. Sijui siku ya furaha kama ile kwa miaka yote niliyokaa nchi hii.

Nikawa namtafuta Kishor, nimwoneshe mwenziwe. Foleni ikaisha, sikumwona. Nikadhani anaumwa. Nikamwuliza katibu wa skuli.

Kishor yupo Oxley Green. Amehamishwa, kaanza leo, kapanda basi asubuhi. Katibu kaniambia hivyo hivyo, huku anatafuta kalamu yake. Nyumba yao iko ng'ambo ya barabara kuu, ofisi imeona ndiye rahisi kumtoa. Akiingia mmoja lazima mmoja atoke, wageni wameshafika mmoja kwa watatu, haiwezekani kuzidi. Akashangaa nilivyomkodolea macho. Akaniuliza si niliambiwa.

 Nikavaa koti juu ya eproni nikaenda kwa Lila. Alikuwa dukani, Suresh katoka. Alijua tangu Ijumaa, ofisi iliwapigia simu. Alijua ni nani aliyeingia, maana katika mtaa huu mtu akinunua viatu watu wanajua. Nikamwambia sikujua, Lila, wallahi sikujua. Akasema anajua sikujua. Nikamwomba anitukane, anipige hata kofi, nitajisikia vizuri.

"Ningepewa mimi, ningekubali," akasema. "Ndiyo maana siwezi kukutukana."

Akaja mteja, akamuuzia sigara, akamrudishia chenji, akamwambia ahsante. Hakukosea hata peni moja. 

Jumanne, 12 Novemba

Nimekwenda kwa Mrs Whitlow nikamwambia amrudishe Kishor, na Mwatima abaki, darasa tupu lipo, nitalisafisha mie. Akasema anasikitika, anasikitika sana, na naona kweli anasikitika, machozi yalimlengalenga. Lakini mmoja tu. Yule au huyu.

Nimemweleza Jaffar. Akasema Kishor ana baba na mama wa kumtetea, Mwatima ana sisi. Akasema kwa maisha yake yote amekuwa akitolewa, katolewa kwao, katolewa nyumba mbili hapa London, na siku mwanawe amepewa kiti yeye hatamwinua. Nilimwambia kiti hicho kina mtu. Akanambia kila kiti kina mtu, Mardhiya, amka. Hatujawahi kugombana hivi. Mwatima alikuwa nyuma ya mlango, tumesikia anakohoa.

Alhamisi, 14 Novemba

Mwatima kapewa nyota kwa kusoma. Kaibandika kwenye friji. Mwalimu wake anasema anajifunza upesi na ana sauti nzuri, watamtia katika nyimbo za mwisho wa mwaka.

Sili. Nikiwa napakua, naiona foleni na namwona asiyekuwemo. Baba alichukuliwa na watu ambao hakuwakosea kitu, na jirani zetu walibaki majumbani mwao, wakafunga madirisha, wakashukuru si wao. Niliwachukia miaka kumi. Wiki hii nimewaelewa, na kuwaelewa kwenyewe kumenitisha kuliko chuki.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimemwambia Mrs Whitlow Kishor arudi, na Mwatima atoke. Jaffar hasemi na mie.

Suresh anazunguka mtaani kukusanya wazazi waende kwenye kamati Januari. Nimemwambia nitakwenda, nitasimama, nitasema mbele ya madiwani wote. Lakini Januari ni Januari, na Jumatatu ni Jumatatu.

Jumatatu, 18 Novemba

Asubuhi nimemvalisha Mwatima. Nilikuwa nimemweleza jana yote, taratibu, habari za Kishor, akatikisa kichwa nikadhani kafahamu. Tulipotoka akageuka kulia, kwenda Larch Road. Nikamgeuza kushoto.

Basi lilipokuja alishika nguzo ya taa kwa mikono miwili. Hakupiga kelele, hakulia. Akaniuliza kafanya kosa gani, nimwambie, hatalifanya tena. Nikamwambia hujafanya kosa, mama. Akauliza kwa nini yeye, basi. Wale watoto wengine walikuwa wanatutazama dirishani. Yule bibi mwangalizi alisimama mlangoni, hakuteremka, nadhani alishindwa. Nikambandua vidole mwenyewe, kimoja kimoja, nikamnyanyua nikamtia ndani. Kaunsili haikumgusa. Ni mie.

Lila alinipigia simu jikoni asubuhi, hakuweza kusema, alikuwa analia tu, na mie nikamwambia haya shoga, haya, kama kwamba aliyefiwa ni yeye.

Mchana foleni ya wadogo ikaja, na Kishor yumo, kachanwa nywele, kasimama mahali pake kama hakuwahi kutoka. Nilisema nitafurahi nikimwona. Wallahi nilijua nitafurahi, ndilo jambo pekee nililokuwa nalo. Akafika mbele yangu akainua sinia. Mtoto wa miaka sita, aliyelala juu ya zulia langu siku ya Iddi. Nikamtazama, na nilichokiona moyoni mwangu ni chuki. Nilimchukia kwa sababu yupo.

Nikampakulia. Akanambia ahsante anti. Nikamwita anayefuata.